Nilikuwa Naangalia Herufi L

Sarafu yenyewe ni ya heller 20, ilipigwa Tabora mwaka 1916. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. za Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, mwaka, na chini yake T ndogo ya Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeziba njia ya bahari na fedha kutoka Ujerumani hazikufika, kwa hiyo serikali ya kikoloni ikaanza kupiga sarafu zake hukohuko bara. Ilikuwa kazi ya haraka, na haraka hiyo bado inaonekana kwenye shaba. Mihuri haikufanana: kwenye sarafu nyingine miguu ya L mbili za neno HELLER imechongoka, kwenye nyingine imejikunja kama mkia, na zipo ambazo ni L ya pili tu iliyojikunja. Kwa mtu asiyekusanya, huo ni upuuzi. Kwetu sisi, ndiyo raha yenyewe. Tena ni sarafu za ukoo huu zilizotuachia neno "hela".

Usiku mmoja nilikaa na picha ya sarafu hiyo karibu dakika arobaini kwenye soko moja la mtandaoni. Niliikuza mpaka L ikajaa kioo cha simu, nikafungua picha za wauzaji wengine watatu nilinganishe, nikarudi kwenye ile ya kwanza, kisha nikabofya alama ya moyo nisije nikaipoteza. Sikutaka kununua. Ninayo tayari, nimeirithi kwa babu, na nilichotaka ni kujua ya kwangu ni ya muhuri upi.

Asubuhi, chai bado iko jikoni, simu ikalia. Muuzaji ananipa punguzo la asilimia 10, zimebaki saa 48. Mchana ikaja nyingine: bado unaifikiria? Jioni nikaletewa vitu sita ambavyo "huenda nikavipenda". Viwili vilikuwa nakala za kuvaa shingoni, kimoja medali ya Uingereza ya vita hivyohivyo.

Hakuna mtu aliyekaa akaniandikia. Kila nilichofanya usiku ule kiligeuzwa namba: muda niliokaa, mara nilizokuza picha, mara nilizorudi, ule moyo. Programu ikalinganisha namba zangu na za watu wengi waliopita hapo kabla yangu, ikakadiria uwezekano wa mimi kununua, na kadirio lilipovuka kiwango fulani, ofa ikaondoka yenyewe. Mtu aliyerudi mara tatu kwenye picha ileile anaonekana kama mtu anayeogopa bei, na dawa ya anayeogopa bei ni punguzo. Kwa mnunuzi wa viatu huenda hesabu hiyo iko sawa. Kwa mkusanyaji inakosea tangu mwanzo, kwa sababu mkusanyaji hutazama vitu mia akanunua kimoja, na vile tisini na tisa havikuwa kusitasita. Vilikuwa masomo.

Wataalamu wanaujua udhaifu huu. Mwaka 2008 watafiti watatu, Yifan Hu, Yehuda Koren na Chris Volinsky, walichapisha kazi ambayo mpaka leo hutajwa sana katika fani ya mifumo ya mapendekezo. Walikuwa wakishughulika na watazamaji wa televisheni, na walieleza wazi kwamba alama anazoacha mtu bila kuulizwa zina kelele nyingi ndani yake. Televisheni inaweza kuwa imewashwa kwenye idhaa fulani huku mwenyewe amelala fofofo. Mtu anaweza kununua kitu ambacho ni zawadi ya mwingine. Kubwa zaidi, alama za aina hii hazina "hapana": mashine inaona ulichogusa, haioni ulichokataa moyoni. Kwa hiyo walishauri namba hizo zichukuliwe kama kipimo cha uhakika, na zisichukuliwe kama kipimo cha mapenzi. Tahadhari hiyo imeandikwa miaka mingi iliyopita, na bado dakika zangu arobaini zilisomwa kama hamu ya kununua.

Tatizo la pili ni la vitu vyenyewe. Njia ya Amazon ya kupendekeza bidhaa, iliyochapishwa mwaka 2003 na Greg Linden na wenzake wawili, inalinganisha kitu na kitu: waliochukua hiki walichukua na kile. Inahitaji watu wengi wanunue kitu kilekile. Sufuria inauzwa mara elfu, na kila mauzo yanaifundisha mashine jambo. Sarafu ya Tabora yenye mkwaruzo wake kando ya taji ni moja tu duniani. Ikishauzwa tangazo linafungwa, na kilichojifunzwa hakina pa kutumika. Mashine ikikosa historia hushika maneno ya kichwa cha tangazo: 1916, vita, Afrika, shaba. Ndiyo maana medali ile ilinifikia. Na ndiyo maana ukinunua kitu adimu unaletewa vingine vinavyofanana nacho kwa wiki kadhaa, wakati wewe umeshaliziba pengo lako.

Mbona basi mashine haziachi kututumia ofa? Kwa sababu kutuma hakugharimu kitu. Akinunua mmoja kati ya elfu, muuzaji amepata faida, na kero ya wale 999 haiandikwi popote kwenye daftari lake.

Ningeivumilia kero kama ingekuwa kelele tu. Kinachoniuma ni kwamba inaharibu jicho. Mwaka jana niliona sarafu ya pesa moja ya Sultan Barghash wa Zanzibar, ile ya shaba ya mwaka 1299 Hijria yenye picha ya mizani. Bei ya juu ilikuwa imekatwa kwa mstari, chini yake bei mpya, pembeni saa inahesabu dakika kurudi nyuma. Nililipa zikiwa zimebaki dakika sita. Ilipofika niliiweka kiganjani na nikajua papo hapo: ilikuwa imesuguliwa. Uso unang'aa kama kijiko kipya, ile rangi ya kahawia ya miaka zaidi ya mia imeondoka, na ukiinamisha sarafu kwenye mwanga unaona mistari membamba ya brashi imepita juu ya vitanga vya mizani. Nilirudi kwenye picha za tangazo. Mistari ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote, nami nilikuwa naangalia saa. Na kwa muuzaji yuleyule saa ilikuwa imeanza upya, kwenye pesa nyingine ya aina ileile.

Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lililofanywa kwa gurudumu la namba. Watu waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa, lakini kwanza gurudumu lilizungushwa mbele yao. Kwa walioona 10, kadirio la kati lilikuwa asilimia 25. Kwa walioona 65, lilikuwa asilimia 45. Gurudumu halikuhusiana na swali hata kidogo. Bei iliyokatwa hufanya kazi kama gurudumu lile, na kwenye vitu vya kale ina nguvu zaidi, kwa kuwa hakuna duka la jirani la kwenda kuulizia bei ya pesa ya Barghash. Ama zile saa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walipopitia tovuti za maduka zipatazo 11,000 mwaka 2019 walikuta hila 1,818 za kumsukuma mnunuzi, zikiwemo saa ambazo zikiisha muda hakuna kinachobadilika.

Njia za kujikinga zipo. Barua nyingi za matangazo hubeba kipicha kisichoonekana kinachomwarifu mtumaji kwamba umeifungua, kwa hiyo zima upakuaji wa picha kwenye barua pepe yako. Tangu mwaka 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua kwa wingi waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinamlinda mwenye taarifa dhidi ya matangazo asiyoyataka. Mimi nimezima arifa zote za soko, na moyo siubofyi tena. Picha inayonivutia naihifadhi kwenye simu, naitazama baadaye, intaneti imezimwa.

Ile ya babu niliitoa Jumapili moja nikaipeleka kibarazani, jua la saa tatu likiwa limelala upande. Niliizungusha polepole chini ya lenzi mpaka kivuli kikaingia kwenye herufi. L ya kwanza imechongoka. Ya pili imejikunja.