Mkono Hufunzika, Lakini Dadu Huhesabiwa

Kuruta anapofika mara ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, risasi zake hutawanyika ovyo. Moja hupiga juu, moja hupiga chini, na nyingine haijulikani ilikokwenda. Baada ya majuma kadhaa mbele ya mkufunzi mwenye subira, matundu yale huanza kukaribiana, na mwishowe hukusanyika mahali pamoja. Hakuna uchawi hapo. Ni namna ya kusimama, namna ya kushika bunduki, namna ya kuvuta pumzi, na kurudia jambo lilelile mpaka mwili ulizoee.

Huko Marekani, na hasa katika mji wa Las Vegas, wako watu wanaoshikilia kwamba jambo hilohilo lawezekana katika mchezo wa dadu uitwao krapsi. Wanasema kuwa mrusho wa dadu ni kazi ya mkono kama nyingine, na kwamba mtu akipata mwalimu na akafanya mazoezi kila siku, ataweza kuipunguza bahati na kuiongeza akili. Vitabu vimeandikwa, masomo yamekuwa yakitolewa kwa malipo, na wako wanafunzi wanaojitengenezea hata kipande cha meza ili wajizoeze nyumbani. Tumeona vema kulichunguza dai hilo kwa ajili ya wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi. Mchezo huu umefuatana na askari kwa muda mrefu, na kinachowekwa mbele ya dadu aghalabu ni mshahara unaongojewa na mke na watoto.

Saba, rafiki na adui

Krapsi ulichipuka kutokana na mchezo wa kale wa Kiingereza ulioitwa hazard. Ulikulia mjini New Orleans katika karne ya 19, kisha ukaenea Marekani yote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wa Marekani waliucheza kila walikokwenda, melini na kambini, juu ya blanketi la jeshi lililotandikwa chini.

Kanuni zake si ngumu. Mrushaji hutupa dadu mbili. Katika mrusho wa kwanza, jumla ya 7 au 11 humpa ushindi, na jumla ya 2, 3 au 12 humwangusha. Ikitokea jumla nyingine, yaani 4, 5, 6, 8, 9 au 10, hiyo huwa ndiyo namba yake, naye hana budi kuendelea kurusha mpaka airudie kabla ya 7 kutokea. Ikitangulia 7, dau limekwenda, na dadu hupewa mtu mwingine.

Basi 7 ni rafiki katika mrusho wa kwanza, na ni adui katika mirusho yote inayofuata. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na njia 6 kati ya hizo huleta 7. Kwa hiyo, ikiachwa bahati itende kazi yake, 7 hutokea kwa wastani mara 1 katika kila mirusho 6. Mafunzo ya kurusha dadu yana lengo hili kuu: kuifanya 7 iwe nadra kuliko hapo.

Yanayofundishwa

Kwanza mwanafunzi hufundishwa mahali pa kusimama. Meza ya krapsi ni ndefu, nyingine hukaribia meta 4, na dadu lazima zifike kwenye ukuta wa mwisho. Anayesimama karibu na katikati ya meza ana safari fupi, na safari fupi huacha nafasi ndogo ya makosa.

Pili, hufundishwa kuzipanga dadu kabla ya kuzishika. Katika kila dadu nyuso zinazopeana mgongo hujumlika kuwa 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Sasa, dadu ikizunguka kama gurudumu bila kuyumba, nyuso mbili zilizo ubavuni haziwezi kuja juu. Tuseme dadu moja imewekwa 1 na 6 ubavuni, na ya pili imewekwa 2 na 5 ubavuni. Ya kwanza yaweza kuonyesha 2, 3, 4 au 5 tu, na ya pili yaweza kuonyesha 1, 3, 4 au 6 tu. Njia zilizobaki ni 16, na zinazoleta 7 ni mbili peke yake. Badala ya mara 1 katika 6, adui sasa hutokea mara 1 katika 8.

Lakini upangaji usio na akili hudhuru. Dadu zote mbili zikiwekwa 1 na 6 ubavuni, kisha kila moja ikazunguka kwa mwendo wake, njia za 7 huwa 4 katika 16, yaani mara 1 katika 4. Huo ni mrusho mbaya kuliko wa mtu asiyejali lolote. Ndiyo maana mwalimu hutakiwa.

Tatu ni kushika. Dadu hukaa bega kwa bega, na vidole huzibana kwa nguvu sawa, bila kukaza. Nne ni kurusha kwenyewe. Mkono huenda taratibu kama bembea, na dadu hupaa pamoja zikizunguka kurudi nyuma, kama magurudumu mawili ya ekseli moja. Tano ni kutua. Zianguke bapa karibu na ukuta, ziuguse kwa upole, kisha zitulie papo hapo. Walimu husisitiza kwamba nusu saa ya kila siku ina faida kuliko saa nyingi za siku moja, kwa kuwa mkono husahau upesi.

Blanketi na ukuta

Hapa yafaa tuulize: je, mbinu hii imepata kufaulu popote? Jibu ni ndiyo, na palipofaulu zaidi ni juu ya blanketi. Sakafu laini haina mdundo. Mjanja aliyejua kuziviringisha dadu mbili sambamba juu ya kitambaa aliweza kweli kuzizuia nyuso za ubavuni zisije juu, na hivyo aliwavua wenzake mishahara huku wakidhani wameshindwa na bahati. Pamoja na hila hiyo zilikuwapo dadu zilizotiwa uzito upande mmoja, na nyingine zilizorudiwa namba. Uovu ulikithiri hata John Scarne, fundi wa mazingaombwe, akazunguka katika kambi za jeshi la Marekani wakati wa vita akiwaonyesha askari namna wanavyoibiwa. Mwaka 1945 kilitoka kitabu chake juu ya dadu, Scarne on Dice.

Kasino nazo zilijifunza. Dadu zao huonekana ndani kama kioo. Zina upana wa karibu milimita 19, kingo zake ni kali, na vitone vyake hujazwa kitu chenye uzito sawa na ule uliochimbwa. Ukuta wa mwisho wa meza umevikwa mpira wenye vijipiramidi vingi, na dadu zinazopiga hapo hutupwa huku na huku. Kurusha kwa mkono mmoja na kupiga ukuta huo ni sharti. Kuiburuta dadu juu ya meza isigeuke huhesabiwa kuwa udanganyifu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejizoeza miezi mingi hufikisha dadu zake mahali ambapo pamewekwa makusudi ili kuyavuruga mazoezi yake. Swali lililobaki ni kama kuna chochote kinachosalia baada ya kuvurugwa huko.

Ushahidi

Ndugu zetu wa polisi wanajua tofauti ya uvumi na ushahidi. Katika meza za dadu, mashahidi wa jioni njema ni wengi na husema kwa sauti, lakini mashahidi wa jioni mbaya huenda kulala kimya. Kwa hiyo hatuwezi kuhukumu kwa hadithi.

Mwanzoni mwa karne hii Stanford Wong, mwandishi mashuhuri wa michezo ya kamari, aliliingiza jambo hili katika mtihani. Dau liliwekwa kwamba warushaji waliojizoeza watapata 7 zisizozidi 79 katika mirusho 500. Kwa bahati tupu, wastani ungekuwa 83 na kitu. Walipata 74, wakashinda dau. Wengi walishangilia. Lakini hesabu husema kwamba hata mtu asiyejua lolote, akirusha mara 500, anaweza kupata 74 au chini ya hapo takriban mara 1 katika majaribio 7. Ushahidi wa namna hiyo ungemfanya mpelelezi aendelee na upelelezi, si afunge jalada.

Iko pia mifano ya mirusho mirefu. Tarehe 28 Mei 1989, katika hoteli ya California mjini Las Vegas, mtu mmoja alirusha mara 118 kabla ya kuangushwa na 7, kwa muda wa saa 3 na dakika 6. Tarehe 23 Mei 2009, katika kasino ya Borgata mjini Atlantic City, mwanamke mmoja alimpita kwa kurusha mara 154 katika saa 4 na dakika 18. Mwanamke huyo hakuwa bingwa aliyepikwa na walimu. Alikuwa mgeni wa mchezo. Katika mamilioni ya mirusho inayofanywa, bahati lazima imwangukie mtu mahali fulani.

Mtihani wa haki ni upi, basi? Ni daftari. Mwanafunzi aandike kila mrusho bila kuchagua, mirusho 100 kwa siku, kwa siku 36, kwenye ukuta wa mpira kama wa kasino. Katika mirusho 3,600, bahati peke yake huleta 7 takriban 600, na kwa kawaida haitoki nje ya 555 na 645. Mtu aliyeendelea kiasi cha kupata 7 mara 1 katika kila 6 na nusu atakuwa na karibu 554. Yaani baada ya siku 36 za kazi ngumu ndipo anaanza tu kuugusa mpaka wa bahati. Anayedai ameiva kwa jioni tatu, amejidanganya au ametaka kukudanganya.

Hesabu ya mshahara

Jambo la mwisho ni dau lenyewe. Katika dau la msingi la krapsi, mchezaji hushinda kwa wastani mara 244 na kushindwa mara 251 katika kila michezo 495. Tofauti ni michezo 7 tu, ambayo ni kama 1.41 kwa mia. Anayeweka dola 10 kila mchezo atakuwa amepungukiwa dola 70. Ni hasara ndogo, lakini haichoki. Na yapo madau mengine mezani yaliyo mabaya mno. Anayeweka dau kwamba mrusho ujao utaleta 7 hulipwa 4 kwa 1, ilhali haki yake ni 5 kwa 1, na kasino hubaki na karibu 17 katika kila 100. Mkufunzi anayeufunza mkono lakini akamwacha mwanafunzi kwenye madau kama hayo, amemfunza kulenga bila kumwonyesha shabaha.

Kwa maoni yetu, mtu hakosei kuufunza mkono wake. Utulivu, subira na kurudia ni sifa njema kwa yeyote avaaye sare. Kosa ni kuutoa mshahara kabla daftari halijasema. Uwanjani hatumwulizi kuruta alijionaje alipofyatua. Twaenda kwenye shabaha tukahesabu matundu. Mrushaji dadu naye apimwe hivyohivyo, na mpaka siku daftari lake litakapojaa, dau lake liwe punje za mahindi.