Kichwa Kilichounguza Mahari Yangu

Niliharibu fimbo ya gofu ya mteja, nikala akiba ya mahari, kisha nikamdanganya mchumba wangu. Aliyeninusuru ni mzee wa Kasanda ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa gofu: baba yangu.

Msomaji wangu, umewahi kuamka asubuhi ukiwa bwana harusi mtarajiwa, usiku ukalala mdaiwa? Mimi yamenikuta.

Kwetu ni Kasanda, nyanda za juu za Kigoma. Nilizaliwa tukiwa wilaya ya Kibondo. Wilaya ya Kakonko ilipoanzishwa mwaka 2012 tukahesabiwa huko, ingawa nyumba haijasogea hata hatua moja. Baba ni mhunzi. Nimekua nikivuta mivukuto, macho mekundu kwa moshi, wenzangu wakicheza chandimu. Nilipomaliza shule nikamwambia mzee sitaki masizi, nakwenda mjini. Hakunizuia. Alininyamazia tu, na ule ukimya niliubeba miaka mingi.

Dar nikaangukia kwenye gofu. Nilianza kama kedi, yaani mbeba mkoba wa mchezaji, nikapanda hadi kuwa fundi wa fimbo: kubadili mipini, mishiko, kunyoosha zilizopinda. Huko mjini nikampata binti wa Kizaramo, kwao Kisarawe, mcheshi, anayeheshimu watu. Mshenga akaenda, mahari ikatajwa, nami nikaanza kudunduliza.

Kichwa cha vitu vinne

Kabla sijafika kwenye balaa, nikuibie siri kidogo ya hii fimbo. Ile yenye kichwa kikubwa kama ngumi mbili, ya kuanzia mchezo, inaitwa draiva. Zamani kichwa chake kilichongwa kwa mti, hasa mpasimoni wa Marekani, na chini wakapigilia bamba la shaba ili kisilike. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ikatoa kichwa cha chuma cha pua, chenye uwazi ndani. Mwaka 1991 Callaway wakaleta Big Bertha, kikubwa zaidi, na mwaka 1995 wakaja na cha titaniamu.

Siku hizi kichwa kimoja hukusanya vitu vinne. Cha kwanza ni titaniamu, madini mepesi na imara. Mchanga wenye madini yake ulichimbwa hata Kwale, Kenya, kuanzia 2013 hadi 2024. Hiyo ndiyo hutengenezwa mwili, na mara nyingi uso unaopiga mpira, mwembamba wa milimita tatu hivi, ili ubonyee na kurudi kama springi. Cha pili ni nyuzi za kaboni, kitambaa cheusi kilicholowekwa gundi na kukaushwa kwa joto na mgandamizo. Hicho hufunikwa juu, utosini, kwa sababu ni chepesi zaidi hata ya titaniamu. Mwaka 2022 TaylorMade walithubutu kuutengeneza uso wenyewe kwa matabaka 60 ya kaboni. Cha tatu ni tangsteni, madini ambayo majirani zetu Rwanda wanayachimba. Uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya chuma, na ndiyo inayowekwa chini kule nyuma. Cha nne ni gundi ya epoksi, inayovishikanisha.

Kwa nini usumbufu wote huo? Sheria haziruhusu kichwa kizidi ujazo wa sentimita 460, na uzito wake huwa karibu gramu 200 tu. Ukitumia kaboni utosini, zile gramu ulizookoa unazihamishia nyuma na pembeni. Matokeo yake, hata mchezaji akipiga kidogo nje ya katikati, kichwa hakigeuki ovyo mkononi na mpira haupotei sana.

Mwili wenyewe huanza kama sanamu ya nta. Wanaichovya kwenye udongo laini mara nyingi mpaka inapata gamba gumu, kisha nta inayeyushwa, na ndani ya gamba inamiminwa titaniamu iliyoyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 1,600 za joto. Hufanyika mahali palipoondolewa hewa, maana titaniamu ya moto ikikutana na hewa inaharibika. Baadaye wanaunganisha uso kwa kuchomelea, ila utosi wa kaboni hubandikwa kwa gundi.

Hapo kwenye gundi ndipo nilipolia.

Moto ukanizidi

Mteja mmoja aliniletea draiva, skrubu ya shingoni imeng'ang'ania. Mimi mtoto wa mhunzi nikasema, chuma kikigoma dawa yake moto. Nikawasha tochi ya gesi, nikaielekeza shingoni. Titaniamu wala haikutikisika. Lakini dakika haikuisha nikaona rangi inatoa malengelenge, na ukingo wa kaboni umeinuka kama kucha iliyong'oka.

Jamani, nilichoka. La kuvunda halina ubani, lakini mimi nililitia ubani: nikanunua gundi ya kawaida ya dukani, nikabandika, nikapaka rangi juu, nikamkabidhi mwenyewe huku natabasamu. Siku ya pili, shuti ya kwanza tu, utosi ukapasuka mbele ya wenzake wote.

Fimbo ya namna ile ikiwa mpya inapita shilingi milioni moja. Tulikubaliana laki tisa. Zilitoka wapi? Kwenye mahari.

Mchumba aliponiuliza mbona mshenga kimya, nikamwambia baba anaumwa, hela nimetuma nyumbani. Basi! Binti wa watu akaanza kumwombea mzee kila usiku, na akaweka pembeni elfu hamsini yake ya vitenge ili nimwongezee dawa. Aliponipa ile hela mkononi, nikashindwa. Nikamwambia yote, tukiwa tumesimama kituo cha daladala.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo baba mzima?"

"Mzima."

"Basi twende ukamwombe radhi. Umemtabiria ugonjwa mzazi wako."

Safari ya Kasanda

Tukapanda basi. Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, ndipo mtu unaanza kuona vilima vya kwetu na migomba. Mdogo wake wa kike alifuatana nasi, maana kwao hawakuruhusu aende peke yake. Nyumbani walipokelewa kwa salamu za Kiha, makofi mepesi, habari za watu, za njia, za mvua, za ng'ombe, makofi tena. Mchumba akaninong'oneza, "Hawa wanakusalimia mpaka unasahau ulichokuja nacho." Lakini mimi sikusahau.

Jioni nikamfuata baba kwenye kibanda chake. Nikapiga goti, nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Kisha akanyoosha mkono. "Hicho kichwa unacho?"

Nilikuwa nacho kwenye begi. Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole gumba pale utosi ulipoachia.

"Kipi kinaungua kwanza?" akaniuliza.

"Gundi, baba."

"Uliijua kabla hujawasha moto?"

Sikuwa na jibu. Akachukua jembe alilokuwa akilitengeneza kwa springi ya gari kuukuu. Makali, akasema, huyapasha na kuyazamisha majini yawe magumu. Ule mkia unaoingia kwenye mpini huuacha laini, maana ukiwa mgumu unakatika. Na unapochoma tundu la mpini kwa mkia wa moto, moto ukizidi kidogo tu mti unaungua, tundu linalegea, na jembe litachomoka mkononi mwa mkulima. "Chuma hakikuambii. Mti ndio unaokuambia. Wewe ulimsikiliza mwenye nguvu, ukamsahau mnyonge."

Mchumba wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha maji ya mzee. Akasema taratibu, "Shikamoo baba. Na mimi nilifichwa hivyo hivyo, kwa rangi."

Baba akacheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka nikiwa pale kibandani.

Jembe la mahari

Enzi za mababu, kwa makabila mengi ya magharibi mwa nchi yetu, jembe la mhunzi lilikuwa sehemu ya mahari. Baba alikumbuka. Tulipoondoka alinifungia jembe jipya, akasema mshenga alipeleke Kisarawe na aeleze ukweli wote, pamoja na fimbo na uongo wangu. Salio nilipe kidogo kidogo.

Niliogopa. Nikajua ndoa imekufa. Mshenga alikwenda, akakaa kutwa nzima. Kumbe wakwe walinuna kwa ule uongo, si kwa hela. Walitaka nifike mwenyewe niuseme kwa mdomo wangu, nikausema. Nililipa kwa miezi kumi na moja. Leo tuna mwaka wa pili ndani ya ndoa, na mama mkwe analimia muhogo kwa jembe lile lile. Anasema halichomoki.

Kazini bado natumia moto, ila kidogo na pole pole, kitambaa kibichi kimefunika utosi, na epoksi naiachia saa 24 kabla mteja hajaigusa fimbo yake. Kikiharibika kitu, nampigia mwenyewe siku hiyo hiyo.

Nyumbani nako, mke wangu akinyamaza zaidi ya kawaida, sisubiri rangi itoe malengelenge. Naacha ninachofanya, nakaa karibu yake, namuuliza.