Vinyweleo vya Jani Vina Uzito Gani?

Ua la Usambara, lile dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu duniani kote, kwao ni Tanga, kwenye miamba yenye kivuli. Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Kuanzia hapo wataalamu wakawa wanagawanya tu. Kufikia miaka ya 1960, kwa kazi ya B. L. Burtt wa Edinburgh, spishi zilikuwa kama 20, nyingi zikitofautishwa kwa vinyweleo vya jani: virefu au vifupi, vilivyosimama au vilivyolala. Ukitazama kwa lenzi, tofauti hizo zipo kweli. Spishi iitwayo velutina ina jani la mahameli. Grotei nayo ina shina refu linalotambaa.

Ila kuonekana kwa tofauti si kibali cha kutangaza spishi. Mmea wa sehemu ya baridi ukihamishiwa kwenye joto unaweza kubadili ukubwa wa jani bila kubadilika ukoo. Kwa hiyo mimea ioteshwe kwanza mahali pamoja, udongo mmoja. Kitakachobaki tofauti ndicho cha kurithi. Vinyweleo hivi vilidumu hata kwenye nyumba za vioo za Ulaya. Lakini mimea yenyewe ikichavushwa kwa mkono huzalisha machotara kwa urahisi, na vipimo vya DNA vikaonyesha undugu wa karibu mno. Ndiyo maana mwaka 2006 Iain Darbyshire alibakiza spishi 6, moja ikiwa na nususpishi 9, kila moja na eneo lake: rupicola pwani ya Kenya, mafiensis kisiwani Mafia. Mwaka 2015 jenasi nzima ikaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus.

Wapo wanaosema chotara wa chungu si ushahidi, kwa kuwa porini mabonde na bahari vimetenganisha mimea hiyo. Ni kweli, na hapo ndipo cheo cha nususpishi kinapofaa: ukoo mmoja, makao mbalimbali. Hoja nzito zaidi ni ya wahifadhi, kwamba ua likishaitwa spishi moja na lile la dukani, nani atajali msitu ukikatwa? Nadhani hofu hiyo inajibika, maana nususpishi ina jina na ramani yake, na orodha ya IUCN hutathmini nususpishi pia. Tatizo gumu zaidi liko kwenye kabati la vielelezo: jani likibanwa na kukaushwa, kinyweleo kilichosimama kinaweza kulala, na jina likakosewa.