Neno «Mulopwe» na Mapokeo ya Uongozi Nchini Kongo

Mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake kwamba, kwa desturi ya Mwafrika, kijiji kina sultani mmoja, wala hapingwi. Hoja hiyo hakuibuni yeye. Mobutu aliitumia kutetea chama kimoja, M.P.R., alichokiunda mwaka 1967, na wazee wetu waliisikia hata ikawa kama methali. Katika makala hii nataka kuipima kwa neno moja tu la Kiluba: mulopwe.

Kwa Waluba wa Katanga, mulopwe si sultani wa kawaida. Ni mwenye bulopwe, yaani haki takatifu ya kutawala ipitayo katika damu. Masimulizi yao yaeleza kwamba damu hiyo ililetwa na mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, aliyefika kwa Nkongolo, mfalme mwekundu. Nkongolo alikuwa mkatili, tena hakujua adabu: alikula mbele ya watu na kucheka kinywa wazi, hali Mbidi alijificha alapo. Mbidi alizaa na dada ya Nkongolo mtoto, Kalala Ilunga, ambaye hatimaye alimshinda mjomba wake. Msomaji aangalie jambo hili: masimulizi yenyewe yanayotukuza ufalme yaanza kwa kumhukumu mfalme.

Wala hukumu hiyo haikuachwa katika hadithi. Palikuwa na chama cha Mbudye, watunzaji wa kumbukumbu, waliosoma historia juu ya lukasa, kibao cha kushika mkononi kilichopambwa kwa shanga. Mulopwe mwenyewe aliingizwa katika chama hicho na kufundishwa masharti ya cheo chake, na wanachama waliutazama mwenendo wake. Aliyeshika kumbukumbu alishika pia mizani. Basi bulopwe ilikuwa na sehemu mbili, kiti na wasimamizi wa kiti.

Sasa tutazame jinsi neno lilivyosafiri. Agosti 1960 Albert Kalonji alitangaza kujitenga kwa Kasai ya Kusini. Aprili 1961, mjini Bakwanga, ambao leo ni Mbuji-Mayi, baba yake alipewa cheo cha Mulopwe, akamwachia mwanawe papo hapo. Lakini Waluba wa Kasai kwa kawaida waliishi katika sultani ndogo ndogo, bila mfalme mmoja juu ya wote. Neno liliazimwa kutoka kwa ndugu zao wa Katanga, na lilikuja peke yake. Mbudye hawakuja nalo. Kalonji alitiwa mbaroni Desemba 1961, na dola yake ikamalizika mwaka 1962.

Naona kwamba kofia ya ngozi ya chui ya Mobutu ilikuwa azima ya namna ileile. (Haki itendeke: Wabelgiji walitangulia. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilimfanya sultani kuwa mtumishi wa serikali, na tangu hapo aliogopa zaidi ofisi ya bwana mkubwa kuliko wazee wake.)

Mwenye kudhani kwamba mfano wa Waluba ni wa pekee aende Kivu. Huko Bushi, mwami ni mfalme, lakini hutawazwa na bajinji, na bila wao hana ufalme. Kwa Walega, shina lilelile latoa bwami, nalo halina mfalme kabisa: ni chama chenye ngazi, ambacho mtu hukipanda kwa adabu, mali na mafundisho, mpaka daraja la kindi. Wakoloni walikipiga marufuku.

Kwa sababu hiyo nina shaka na tafsiri ya kawaida, «ufalme», kwa bulopwe na kwa bwami pia. Kiswahili chetu kimepokea sultani kutoka Kiarabu na chefu kutoka Kifaransa, na yote mawili yamtaja mtu aliyeketi, si wale waliomketisha. Katika darasa langu maneno hayo mawili huyaacha kama yalivyo, na insha ile niliirudisha ili mwandishi aongeze sura juu ya Mbudye.