Ruzuku ya Likizo kwa Wanafunzi wa Insia

Kila mwaka, ifikapo Januari, wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Marekani huanza kuihangaikia Juni. Wa uhandisi na uchumi wanajua pa kwenda: kampuni zinawaita, zinawalipa, na likizo inakwisha wakiwa na jambo la kuongeza kwenye wasifu wao. Anayesoma fasihi, historia, falsafa au muziki, yaani masomo ya insia, ni nadra kukuta kampuni inamsubiri. Kwa ajili yake vyuo kadhaa vimetenga fedha za namna ya pekee: ruzuku ya likizo kwa mradi ambao mwanafunzi ameubuni mwenyewe. Hapewi mwajiri wala silabasi, na mwishoni hakuna mtihani. Anaeleza anachotaka kufanya na gharama zake, na jopo likiridhika linamlipia akafanye.

Vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma huko ni wengi, na wengi wao huzipita fedha hizi wakiamini zimewekwa kwa ajili ya wenyeji. Naandika kwa ajili yao, na kwa wazazi wanaopigiwa simu wakiulizwa, "Mama, likizo hii nifanye nini?"

Princeton wana Tuzo ya Alex Adam, ambayo imekuwa ikiwapa wanafunzi wachache dola 7,500 kila mmoja ili likizo yao izae kazi mpya ya sanaa, iwe mchezo wa kuigiza, filamu au mkusanyiko wa mashairi. Stanford wamekuwa na ruzuku ya Chappell Lougee kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, ambapo mtu wa historia na mtu wa uchoraji hushindana katika mlango mmoja. Harvard wana mpango wa kukuza wasanii wanafunzi. Nje ya sanaa tupu upo mpango wa Projects for Peace. Ulianza 2007, pale Kathryn Wasserman Davis alipotimiza miaka 100 na kutoa dola milioni 1 ili miradi 100 ya wanafunzi ipate dola 10,000 kila mmoja. Unaendelea hadi leo chini ya chuo cha Middlebury, Vermont, na mradi unaweza kufanyika popote duniani, hata kijijini kwa mwombaji.

Kinachonunuliwa na fedha hizi ni muda. Chuo cha Marekani kinapompa mwanafunzi wa familia ya kipato kidogo msaada wa ada, mara nyingi hesabu yake huweka kiasi ambacho mwanafunzi mwenyewe anatarajiwa kukichuma likizo. Kwa hiyo kijana wa tajiri anaweza kukaa miezi mitatu akiandika tamthilia, lakini wa fundi cherehani lazima akaoshe vyombo mgahawani, hata kama kipaji chake ni kikubwa zaidi. Ruzuku nzuri hulijua hilo: mbali na nauli na vifaa, humpa mwanafunzi posho ya kufidia kipato alichokikosa. Ruzuku isiyo na fidia hiyo, kwa maoni yangu, huwasaidia wale ambao tayari wangejimudu. Mwombaji aulize mapema. Ni swali la heshima na ofisi za ufadhili hulipokea kila mwaka.

Kwetu hali ni nyingine. Kwa mwanafunzi wa Tanzania likizo ndefu ni wakati wa field, na Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini kazi hupangwa na ofisi inayompokea. Tuzo tunazo: ile ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa ina jina la Safal, ilianza 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza 2023. Zote mbili zinampokea mwandishi akiwa amekwisha kuumaliza mswada. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unawafikia wasanii, ila kwa mikopo, na mkopo hurejeshwa. Fungu linalomwamini kijana wa miaka 20 akiwa na swali tu mkononi bado ni adimu, na naliona kuwa pengo kubwa. Ndaki ya insia ingeweza kuanza na wanafunzi watano, kila mmoja akipewa nauli ya basi, chakula cha wiki sita na kinasa sauti. Gharama yake haifiki ya kongamano moja la hotelini.

Tuje kwenye andiko lenyewe, maana hapo ndipo wengi huanguka. Kosa la kawaida ni ukubwa wa mada. Mwanafunzi wa Mombasa anaandika: "Nitatunga riwaya kuhusu utamaduni wa Waswahili." Jopo halina cha kushika. Hawajui ataamkia wapi Jumatatu ya kwanza, atazungumza na nani, wala kwa nini lazima asafiri. Sasa tuseme mwanafunzi huyo huyo anaandika kwamba atakaa wiki nane Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa majahazi. Atashinda na mafundi, atayaandika majina ya mbao, misumari na maungo ya chombo, na kutokana na hayo atatunga hadithi fupi tatu za mafundi wa vizazi vitatu. Mjomba wake anaishi kisiwani na atampa chumba. Mwalimu wake wa fasihi atasoma rasimu kila baada ya wiki mbili. Hapo jopo linauona mradi kwa macho, na linaona pia kwamba hakuna mtu mwingine chuoni anayeweza kuufanya.

Ujamaa wako na mahali unapokwenda ni mtaji. Mwanafunzi wa Kimarekani angehitaji mkalimani na mwezi mzima wa kuzoeleka. Wewe unajua kubisha hodi, unajua kumwamkia mzee kwa shikamoo, na unajua kwamba mazungumzo ya maana huja baada ya kahawa. Yaandike hayo waziwazi. Vijana wetu huona haya kuyataja, wakidhani kwamba "kurudi nyumbani" kutaonekana si kazi.

Kalenda ndiyo humuumbua asiyejiandaa. Likizo ya Marekani, Juni hadi Agosti, huangukia katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka. Anayetaka kupiga picha za safari za majahazi atasumbuka, lakini anayetaka mafundi ana bahati, kwa kuwa huo ni wakati wa vyombo kuvutwa pwani na kukarabatiwa. Mwaka Kogwa, sherehe ya Makunduchi, Unguja, huangukia Julai na umo ndani ya likizo. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi wa Mfungo Sita, na mwezi huo hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Kuna miaka likizo inayakuta na kuna miaka mingi inayapishana. Jopo likiona kwamba umelipima hilo, linakuamini katika mengine.

Kwenye bajeti, fungu linalosahaulika zaidi ni la watu. Wanafunzi huweka kamera, kompyuta na bima, kisha humwacha fundi aliyepoteza asubuhi nzima akiwasimulia. Weka ahsante yake kwa jina na kwa kiasi, na weka gharama ya kuchapisha nakala ya hadithi na kumpelekea. Majopo mengi hulipenda fungu hilo, na hata lisipopendwa, ni haki yake.

Vibali navyo vina masharti yake. Tangu Januari 2019 kanuni za serikali kuu ya Marekani zimezitoa historia simulizi na uandishi wa habari katika tafsiri ya utafiti unaolazimu idhini ya kamati ya maadili, lakini kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo pata jibu la maandishi kabla ya kusafiri. Kazi ikiwa na sura ya utafiti, Kenya inahitaji leseni ya NACOSTI, Tanzania Bara kibali cha COSTECH, na Zanzibar ina mamlaka zake. Anayepiga filamu Tanzania Bara apitie Bodi ya Filamu.

Kodi huwashtua wengi. Kwa sheria ya Marekani, ufadhili unaolipa ada na vitabu vya lazima hautozwi kodi, ila fedha za nauli, chakula na malazi hutozwa. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 au J-1, ambaye kwa kodi bado hahesabiwi kuwa mkazi, kwa kawaida hukatwa asilimia 14 kabla hajalipwa: katika dola 5,000 zinaondoka 700. Lakini kazi inayofanyika nje ya Marekani ina kanuni tofauti. Ruzuku apewayo mgeni kwa shughuli za nje haihesabiwi kuwa pato la Marekani. Mwanafunzi wetu wa Matondoni aieleze ofisi ya malipo mapema, kwa maandishi, kwamba kazi yote itafanyika Kenya, na asiondoke bila saini ya safari kwenye fomu yake ya I-20.

Wengi huniuliza itakuwaje wakirudi bila hadithi tatu walizoahidi. Ruzuku hizi hutaka taarifa ya kweli kuhusu kilichofanyika, pamoja na hesabu ya fedha. Fundi mkuu akiugua, au hadithi tatu zikageuka moja ndefu, mwandikie msimamizi wako wiki ileile na umwambie unabadili nini na kwa nini. Wanaotoa fedha za kubuni wanatarajia mpango ubadilike njiani. Wasichopenda ni kimya cha Julai na Agosti.

Barua za mapendekezo ziombe kabla ya mapumziko ya Desemba, ukiwa umeambatanisha ukurasa mmoja wa andiko, ili mwalimu awe na la kusema zaidi ya alama zako.