Hesabu ya kingamwili: Mizani isiyosahihishwa hupotosha soko

WAFANYABIASHARA wa Nairobi na Mombasa hawajasahau Aprili 2020, watu walipozuiwa kuingia na kutoka katika miji hiyo kwa sababu ya korona. Kila jioni walisubiri idadi ya wagonjwa wapya ili kukisia lini biashara ingefunguka. Lakini idadi ile ilihesabu tu waliopimwa. Wengi walioambukizwa bila kuugua hawakufika hospitalini.

Pengo hilo huzibwa na upimaji wa kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi na ambao hubaki katika damu baada ya maambukizi kupita.

Nchini Kenya, watafiti walipima sampuli 3,098 za wachangia damu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, zilizokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Sampuli 174 zilikutwa na kingamwili, sawa na asilimia 5.6. Baada ya marekebisho, kiwango cha taifa kilishuka hadi asilimia 4.3. Mombasa iliongoza kwa asilimia 8.0, ikifuatiwa na Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5.

Kwa watu wa umri huo, asilimia 4.3 ni takriban watu milioni moja. Hadi Mei 31, 2020, wagonjwa waliotangazwa walikuwa takriban 2,000 tu.

Kwa nini marekebisho? Kwanza, wachangia damu hawakuchaguliwa kwa kura, hivyo matokeo yalipimwa upya kulingana na umri, jinsia na mikoa ya wananchi wote. Pili, hakuna kipimo kisichokosea, na kosa dogo huwa kubwa pale maambukizi yanapokuwa machache.

Mfano ni huu. Chukua watu 1,000, ambao 40 kati yao waliambukizwa kweli. Kipimo kinachogundua 90 katika kila 100 walioambukizwa kitawapata 36. Kikiwasingizia watatu katika kila 100 wasioambukizwa, kitaongeza 29. Jumla ni 65. Asilimia 4 imeonekana kuwa 6.5, na karibu nusu ya waliotajwa hawakuambukizwa. Ni sawa na kununua mahindi bila kutoa uzito wa gunia.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kati ya Juni na Julai 2020, zaidi ya watu wazima 100,000 waliochaguliwa bila upendeleo walijipima nyumbani kwa tone la damu ya kidole. Takwimu iliyorekebishwa ilikuwa asilimia 6 kwa England, na London ilifikia 13.

Muda nao una uzito. Uchunguzi wa kaya jijini Nairobi mwezi Novemba 2020 ulikuta karibu asilimia 35. Aliyepanga biashara yake Novemba kwa takwimu za Juni alikuwa akitumia bei ya soko lililokwishafungwa.

Aidha, kingamwili hupungua kadiri miezi inavyopita, na chanjo nazo huzitengeneza. Hivyo kuwa na kingamwili si hati ya kinga.

Kwa mwekezaji mdogo, asilimia yoyote ya namna hii iulizwe maswali matatu kabla haijaathiri uamuzi wa fedha: nani walipimwa, lini, na je, makosa ya kipimo yameondolewa?