Kenge na chura wa povu: adui wao ni mmoja

Kuanzia Juni hadi Septemba, Murungu na vijiji vingine vya nyanda za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, hukaa karibu bila mvua. Madimbwi hukauka na miombo hupukutisha majani. Msimu huu ni mtihani kwa kila mnyama anayepoteza maji mwilini.

Kenge wa mtoni, anayeweza kufikia urefu wa mita 2, ameumbiwa mtihani huo. Ngozi yake yenye magamba humzuia asikauke, na taka za mwili huzitoa kama asidi ya yuriki, ule weupe unaouona kwenye kinyesi cha kuku. Asidi hiyo haihitaji maji mengi kutolewa. Chura wa kawaida hutoa yurea iliyoyeyuka kwenye mkojo, na ngozi yake hupitisha maji. Akianikwa juani hadumu.

Chura wa povu, Chiromantis xerampelina, ameikiuka kanuni hiyo. Anaishi kwenye miti ya savana, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na hazidi sana urefu wa kidole. Mwaka 1970 mtafiti J. P. Loveridge alionyesha kwamba naye hutoa asidi ya yuriki, na kwamba ngozi yake hupoteza maji kidogo mno, karibu sawa na mijusi. Mchana wa jua kali utamkuta kajibana juu ya tawi, miguu kaikunja chini ya tumbo, rangi ya kijivu imegeuka karibu nyeupe ili mwanga usimuunguze.

Koo za kenge na chura huyu zilitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Hakuna aliyerithi mbinu hizi kwa mwenzake. Ukame ndio uliowafikisha pamoja.

Hata mayai yao huyakinga na ukame kwa namna zinazokaribiana. Jike la kenge hutoboa kichuguu na kutaga humo. Mchwa huliziba tundu, na mayai hubaki kwenye joto na unyevu usioyumba. Jike la chura hutoa ute kwenye tawi lililoinamia dimbwi, akaupiga kwa miguu ya nyuma hadi uumuke povu. Nje hukauka, ndani hubaki majimaji. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondokea majini.

Kwa hiyo anayebomoa kichuguu apate udongo wa matofali, na anayekata mti wa kando ya dimbwi apate kuni, wote wawili wanaweza kuwa wamefuta kizazi cha mwaka mzima.